Umeuliza Kama Nani

Mangalore, India
Jumapili mchana

Kwa dada yangu, Mama Shaibu,
Mkunya, Newala.

Shikamoo dada.

Najua umeshaitikia marahaba kimoyomoyo, na najua pia umeigeuza bahasha huku na huku ukitafuta stempu. Hakuna stempu. Barua hii haikupita posta. Imebebwa na Benedikto, kijana wa Masasi anayesomea ufamasia hapa mjini, ambaye anarudi nyumbani kwa likizo. Nimemwomba asiishie kwao Masasi, apande gari mpaka Newala, aje Mkunya, akukabidhi wewe mkononi. Nilimwambia akikukosa nyumbani akufuate shambani. Asimpe Baba Shaibu, asimpe Mjomba, hata wakimkaribisha ugali wa muhogo na kisamvu. Kama bahasha ina alama ya mafuta, hiyo ni safari na tumbo la Benedikto, mimi nisisingiziwe.

Mwili wangu mzima. Nakula wali kila siku mpaka nimeanza kuota ming'oko ya kuchimba porini kwetu. Huku ni kiangazi, jasho linatoka hata ukiwa umekaa. Kichwa ndicho sina hakika nacho, na utaona mwenyewe kadiri unavyosoma.

Nanyi huko hamjambo? Baba Shaibu na ile pikipiki yake, bado anaipanda au bado anaisukuma? Shaibu ameacha kuogopa shule? Mihogo imeshika? Mbaazi je? Ile mikorosho ya nyuma ya nyumba mlipuliza salfa kwa wakati safari hii, au mlimsubiri tena Mjomba aamke? Na Mama hajambo? Hilo la mwisho ndilo swali langu, dada. Hayo mengine yote ni adabu ya barua.

Tangu mvua zianze huko kwetu sijaisikia sauti ya Mama. Nikipiga simu yako anapokea Mjomba Ahmadi, au unapokea wewe naye nasikia yuko karibu anakohoakohoa kama kawaida yake, na jibu linakuwa lile lile kwamba Mama hayupo. Ametoka. Sikuwa nimelitilia maanani. Nilikuwa naitikia, nashukuru, nakata simu, narudi kazini. Kilichonifanya nikae na kalamu leo ni jambo lililonipata huko kazini, na siwezi kukuuliza vizuri mpaka nikusimulie hilo kwanza. Ni habari ya mashine, lakini nitaisema kwa lugha ya jikoni. Vumilia.

Unajua ofisi yetu inatunza karatasi za wafanyabiashara wa korosho. Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kununua, korosho zetu nyingi zinavuka bahari zikiwa na maganda yake, zinakuja kubanguliwa na akina mama wa huku. Kila mzigo unakuja na karatasi zake: umetoka wilaya gani, una unyevu kiasi gani, umepanda meli gani. Sisi tunazipiga picha karatasi hizo na kuziweka kwenye kompyuta moja kubwa inayokaa peke yake kwenye chumba cha baridi. Hiyo wanaiita seva. Wengine wote tunakaa kwenye viti vyetu na kuiuliza, nayo inajibu. Ndani yake kuna programu ya kutafutia. Ukiandika neno moja tu, inakuletea kila karatasi yenye neno hilo.

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika Newala. Zikaja karatasi nyingi, na katika mojawapo nikaona Mkunya imeandikwa kabisa, na jina la ghala lile lililo karibu na soko. Nilizisoma mpaka nikasahau chakula cha mchana. Tangu hapo, kila asubuhi kabla sijafanya kazi yoyote, naandika Newala na kuangalia kinachokuja. Ndiyo hodi yangu. Wenzangu wanakunywa chai, mimi napiga hodi nyumbani.

Programu yenyewe ni huria. Maana yake walioiandika wametawanyika duniani, hawajuani hata sura, na wameiacha wazi ili yeyote aione ilivyoundwa, aichukue, airekebishe, airudishe. Nilipomweleza Mama hilo, wakati ule bado anakuja kwenye simu, alicheka akasema, "Kumbe hata huko wanaitana kulima. Na uraka wa kuwanywesha walimaji anapika nani?" Mpaka leo sijui uraka anapika nani.

Sasa toleo tulilokuwa tunatumia lilikuwa limezeeka. Wenyewe waliotengeneza walishatangaza kwamba likitoboka hawalizibi tena, tuhamie jipya. Bosi akanipa mimi kazi ya kuhamisha. Nilifurahi, dada, usiseme. Nilijiona nimeaminiwa.

Toleo la zamani lilikuwa halina mlango. Aliyemo ofisini anauliza, anajibiwa, bila kuulizwa yeye nani. Toleo jipya limefungwa tangu siku ya kwanza. Kila mtu lazima awe na jina lake la kuingilia na nywila, yaani neno lake la siri, na zaidi ya hapo awe na nafasi. Nafasi ndiyo inayosema fulani anaruhusiwa kuona ghala hili la karatasi humo ndani ya mashine, fulani ghala lile. Mashine nazo zinadaiana vyeti kabla ya kusemeshana. Nilipambana na vyeti hivyo mpaka nikawa naviona nikifumba macho. Mwishowe vikakubali. Nikatengeneza ghala jipya, nikamimina humo karatasi zote, nikawapa makarani majina yao na nafasi zao, nikajipa na mimi jina langu. Kuna jina moja kubwa, lenye ruhusa ya kuona kila kitu. Maelekezo yanasema jina hilo lisitumike kwa kazi za kila siku. Basi nililiandikia nywila ndefu, nikaitia kwenye bahasha, nikampa bosi aifungie kwenye saraka ya meza yake. Nilijisikia mtu mzima.

Kisha nikaandika Newala.

Mashine ikajibu: hakuna kilichopatikana.

Nikaandika Masasi. Hakuna. Nikaandika Mkunya, nikaandika Lulindi, nikaandika mpaka Chidya, ambako hata korosho sikumbuki kama kuna mtu alinunua, ila nilisoma huko basi nikajaribu. Hakuna. Mwisho nikaandika korosho. Dada, ofisi nzima ya korosho, na mashine inaniambia korosho hakuna.

Kilichonichanganya ni kwamba haikunikatalia. Ingenifokea ningejua nimekosea wapi. Ilipokea jina langu, ikapokea nywila yangu, ikanikaribisha, ikaenda kutafuta, ikarudi kuniambia kwa upole kwamba hakuna. Nikaiamini. Nikafuta lile ghala, nikalijenga upya kutoka kwenye nakala za akiba, nikamimina tena. Nikauliza. Hakuna. Nikaanza kuona labda hata nakala za akiba ziliharibika zamani nasi hatukujua. Nikaenda kwa bosi nikamwambia karatasi zimepotea.

Bosi wetu si mtu wa kelele. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Wakati huo mzee mmoja mwenye kiwanda cha kubangua alikuwa na mzigo bandarini, na bila karatasi mzigo hautoki. Akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti mbele yangu, akaniuliza polepole, "Kijana, korosho zangu zipo pale bandarini nazisikia harufu. Wewe unasema hazipo?"

Nikamjibu, "Korosho zipo, mzee. Karatasi ndizo hazipo."

"Na kwenu karatasi ni nini bila korosho?"

Baadaye bosi aliniita akanieleza, bila hasira, kwamba karatasi zisipopatikana wiki hii hataweza kunitetea, mkataba wangu utaishia hapo. Na mkataba ukiisha, kibali cha kukaa nchi hii kinaisha nao. Nikarudi nyumbani nikaanza kukunja mashati. Nilikuwa nakunja shati moja, nalikunjua, nalikunja tena.

Hapo ndipo nilipomtaka Mama. Sikutaka anishauri kitu, anajua nini habari za seva. Nilitaka aseme tu "mwanangu" kwa ile sauti yake ya kukokota, kisha aanze kunilalamikia kuku wa jirani wanaokula muhogo wake ulioanikwa. Nikapiga simu yako. Akapokea Mjomba.

"Shikamoo Mjomba. Naomba Mama."

"Marahaba. Mama yako hayupo. Amekwenda bondeni kuteka maji."

"Ahsante Mjomba. Mwambie nimepiga."

"Nitamwambia. Fanya kazi, baba."

Nikakata simu. Nilimwamini kama nilivyoiamini mashine.

Sasa yupo dada mmoja ofisini anaitwa Lata. Amenitangulia kazini, na wakati haya yote yanatokea alikuwa kwao kwenye harusi ya mdogo wake. Aliporudi mikono bado ina hina. Akanikuta sijanyoa, macho mekundu. Akavuta kiti, akataka nimwoneshe. Nikaandika Newala mbele yake. Hakuna. Akaangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi, akaniuliza, "Umeuliza kama nani?"

Nikamwambia nimeuliza kama mimi.

"Nimeelewa. Lakini humo ndani wewe ni nani?"

Nilidhani ananitania. Akasimama, akaenda kwa bosi, akarudi na ile bahasha niliyoifunga mwenyewe. Akaingia kwa lile jina kubwa, akaandika Newala. Karatasi zikaja zote. Ya Mkunya ilikuwemo, na mhuri wake wa ghala uliopinda. Zilikuwepo muda wote, dada. Tangu siku ile ya kwanza zilikuwa zimekaa pale pale nilipoziweka. Ila mimi niliwapa makarani wote, na kujipa mimi mwenyewe, ruhusa ya ghala la zamani, na karatasi nilizimimina kwenye ghala jipya. Kwa hiyo tulikuwa tunaruhusiwa kuingia ndani ya ua, lakini nyumba yenye vitu haikuwa yetu.

Lata akarekebisha ile ruhusa kwa mstari mmoja, nikaingia tena kwa jina langu, nikapiga hodi yangu nikajibiwa. Mzee wa kiwanda akapata karatasi zake, bosi akaniletea chai kwa mkono wake mwenyewe, na mashati nikayarudisha kabatini. Kazi ninayo bado. Hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Ila mimi nilikasirika. Nilimuuliza Lata, kwa nini isiniambie kwamba siruhusiwi? Kwa nini iniambie hakuna na huku ipo? Huo si uongo? Akanijibu huku anazungusha bangili zake, "Ukimwambia mtu huruhusiwi, umeshamwambia kwamba kitu kipo. Mwenye siri hasemi huruhusiwi. Anasema hakuna." Halafu akauliza, "Lakini wewe kwa nini hukuuliza tena kwa jina jingine? Siku zote hizo?"

Nilikosa namna ya kumweleza kwa Kiingereza. Ningemwambiaje kwamba mimi nimelelewa Mkunya? Kwetu mkubwa akikwambia hakuna, unaitikia, unashukuru, unaondoka. Kuuliza mara ya pili ni kumwita mwongo mbele ya watu. Mtu wa kwingine angegongagonga ile mashine mpaka imchoke. Mimi niliiheshimu. Nilikaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya adabu.

Nilipokuwa narudi nyumbani siku hiyo ndipo nilipokukumbuka wewe. Si wewe wa sasa, wewe wa wakati ule ulipopelekwa unyagoni. Nilikuwa mdogo, sina hata meno ya mbele, na hakuna aliyeniambia umekwenda wapi. Nilijua tu umeondoka asubuhi na kanga mpya na hukurudi. Nikakutafuta nyumba hadi nyumba mpaka nikafika kwa Bibi Nyakanga, yule mama mkubwa aliyekuwa anawaweka wanawali ndani. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mbaazi. Nikamuuliza, "Dada yangu Somoe yumo?"

Akaniangalia hata hakucheka. "Somoe? Hapa hakuna Somoe, mjukuu wangu."

Nikamshukuru nikageuka. Na nilipokuwa nageuka, nyuma ya ukuta, mtu akakohoa. Nilikijua kikohozi chako hata wakati ule. Lakini mkubwa amesema hakuna, na mimi ni nani hata niamini kikohozi nimkatae mkubwa? Nikaenda nyumbani nalia, nikamwambia Mama kwamba Somoe amekufa, nimemsikia anakohoa kaburini. Unakumbuka Mama alivyocheka mpaka akakaa chini. Akanifuta uso kwa pindo la kanga, akasema, "Hajafa. Hayupo kwako wewe tu, mpaka wakati wake." Sikuelewa. Nilikuja kuelewa nilipopelekwa mimi mwenyewe likumbini kutahiriwa, nikasikia sauti ya Mama kule njiani anauliza kama tunakula vizuri, na wakubwa wanamjibu kwamba hakuna watoto hapa, pita mama. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Miaka mingi baadaye, ukiwa na mimba ya Shaibu, uliniambia kwamba ulikohoa makusudi. Ulinisikia nje, ukajua nitalia, na kusema umekatazwa. Basi ukakohoa. Ukasema Bibi Nyakanga angejua angekuadhibu. Sijawahi kukushukuru kwa kikohozi kile. Ahsante, dada.

Sasa umeshaona ninakokwenda. Nilisimama njiani, watu wananipita kwa mabega, nikaanza kuzirudia simu zote nilizopiga nyumbani tangu mvua zianze. Amekwenda bondeni kuteka maji. Lakini wewe mwenyewe uliniambia tangi letu la kukinga mvua limejaa mpaka linafurika, mkawa mnawapa majirani. Sasa Mama anafuata nini bondeni? Siku nyingine amekwenda shambani kupalilia, na nyuma ya maneno yako nasikia mvua inapiga bati kwa nguvu hata ukawa unapaza sauti. Nani anapalilia kwenye mvua ile? Siku nyingine amekwenda Lulindi kumsalimia mama mdogo. Siku nyingine amelala, na ilikuwa asubuhi, na Mama tangu nimjue hajawahi kulala jua limetoka.

Na kuna siku mtu alikuwa anatwanga. Nilimsikia nyuma ya sauti ya Mjomba. Mama akitwanga hupiga mara moja, akavuta pumzi, kisha mbili za haraka. Tulikuwa tunamwigiza tukiwa watoto, unakumbuka, kwenye sahani za bati. Huyu alikuwa anapiga moja moja, polepole, kama mtu anayetumia kinu kisicho chake. Wakati ule nilifikiri ni jirani amekuja kusaidia. Sasa najiuliza kusaidia nini.

Hamkuwahi hata siku moja kuniambia kwamba siwezi kuongea naye. Mngesema hivyo ningejua kuna jambo. Mlisema hayupo.

Labda nimekosea, dada. Labda nimekaa na mashine kupita kiasi, naona nafasi na ruhusa hata pasipo na kitu. Labda Mama sasa hivi yuko jikoni anawasha moto, na ukimsomea barua hii atacheka mpaka akae chini tena. Nataka iwe hivyo, jinsi ninavyotaka nashindwa kukueleza. Halafu dakika inayofuata najiambia kwamba hapana, najidanganya, naukunja uongo naukunjua kama yale mashati. Sijui niamini lipi. Nimechanganyikiwa kweli, na huku hakuna mtu wa kumwambia maana hakuna anayemjua Mama.

Siwalaumu. Nayajua mambo yetu. Aliye mbali haambiwi, kwa sababu akiambiwa atafanya nini, atalia peke yake, ataacha kazi, atapanda ndege na akili haiko sawa. Alipofariki Baba nikiwa Chidya, aliyekuja kunichukua aliniambia Baba ananiita. Njia nzima nilikuwa napanga nitamjibu nini akiniuliza habari za mtihani. Nilikuta kaburi limeshafunikwa. Mjomba ndiye aliyeamua niambiwe hivyo, na ndiye mwenye haki ya kuamua, ni mjomba wetu, watoto wa dada yake ni wa kwake. Wakati ule nilikuwa mtoto wa shule na sikusema kitu. Nilijua amenihurumia.

Ila nikwambie ukweli wangu, dada. Nimeuliza kwa jina la aliye mbali, na aliye mbali amejibiwa kama anavyojibiwa. Sasa nauliza tena, na kwa kuuliza mara ya pili namkosea Mjomba adabu, najua. Nauliza kama mtoto wa kiume wa pekee wa Mama, aliyefutwa uso kwa ile kanga. Kama anaumwa, niambieni anaumwa. Kama yuko hospitali, niambieni. Kama ni lile lingine, dada, sitaki kuliandika, lakini nalo niambieni, nisije nikawa naendelea kuwaza nitakachomnunulia. Usihofu kwamba nitaacha kazi. Au pengine nitaacha, sijui. Lakini hilo niachieni nichague mimi.

Nisalimie Baba Shaibu, mwambie pikipiki nayo ina haki ya kupumzika. Nisalimie Shaibu, mwambie mjomba wake naye aliogopa shule mpaka akapewa andazi. Mama mdogo wa Lulindi umfikishie shikamoo yangu ukimwona, na Bibi Nyakanga kama bado anachambua mbaazi mlangoni pake. Mjomba Ahmadi mpe shikamoo yangu ya heshima zote, na usimwambie habari ya kinu. Barua zangu zote zilizopita ziliishia kwa kusema nisalimie Mama. Leo mkono umesimama hapo muda mrefu. Nisalimie Mama.

Jambo la mwisho. Najua huenda umekatazwa kusema, na sitaki ugombane na Mjomba kwa ajili yangu. Kwa hiyo usiseme. Ijumaa inayofuata baada ya wewe kuipokea hii, maana Benedikto atanijulisha akishakukabidhi, watu wakitoka msikitini, nitapiga simu yako. Mjomba apokee kama kawaida. Nitamwamkia, nitamwomba Mama, naye ataniambia hayupo. Nitaitikia na kushukuru, kama nilivyolelewa. Ila safari hii sitakata simu haraka. Kama Mama bado yupo, popote alipolala, kwa hali yoyote, wewe kaa karibu na ile simu ukohoe. Mara moja inatosha. Kikohozi chako nitakijua.

Na nikisikia kimya, nitashukuru pia, nitakata simu, nitaanza kukunja mashati.

Ni mimi mdogo wako uliyewahi kumkoholea,

Saidi